Kuchora wahusika wa gemu ukiwa Lamu: mwongozo kwa anayeanza

Kila nikionyesha picha mpya ya mhusika wa gemu, maswali yanayonifuata ni yale yale. Unatumia programu gani? Simu yangu ya kawaida itaweza? Mbona nimenakili vizuri kabisa na picha imekaa kama maiti? Naweza kuiuza? Kujibu mmoja mmoja kumenishinda, kwa hiyo majibu yote nimeyamwaga hapa. Ukiniuliza tena, nitakuelekeza huku huku.

Sanaa ya shabiki ni kumchukua mhusika wa gemu unayoipenda ukamchora kwa mkono wako. Kunakili bango la gemu mstari kwa mstari ni zoezi zuri la mkono, sikatai, ila bango hilo tayari lipo na waliolichora walilipwa kwa kazi hiyo. Mchoraji wa kampuni ya gemu aliyeko Kyoto, Japani, anamjua mhusika wake kuliko wewe. Asichokijua ni jahazi linavyolala ubavu juu ya tope maji yakikupwa, au jinsi sauti ya punda inavyokusukuma ukutani kabla hujamwona mwenyewe. Basi mhusika abaki wao, mahali pawe pako. Kila hatua hapa chini inatoka kwenye neno hilo.

Mfano wangu mwanzo hadi mwisho ni Link wa The Legend of Zelda: The Wind Waker, gemu ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 2002 kwa mashine ya GameCube, ikarudishwa kwa Wii U mwaka 2013. Nimeichagua kwa kuwa ni gemu ya watu wa visiwani. Kijana anasafiri kwa chombo cha tanga katika bahari iliyogawanywa miraba 49, na ana kijiti cha kuongozea muziki kinachogeuza upepo uende anakotaka. Nahodha gani wa hapa asiyekitamani kijiti hicho kusi ikichachamaa? Wewe mtumie mhusika wako: Kratos wa God of War, Sonic, Creeper wa Minecraft (yule kiumbe anayejilipua), yeyote. Kazi ni ile ile.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Penseli mbili, HB na 2B au 4B, kifutio, na daftari lisilo na mistari. Hata kama utamalizia kwenye simu, anzia kwenye karatasi. Karatasi haikuletei ujumbe katikati ya kazi.
- Simu au tabuleti. Kwa simu natumia ibisPaint X: ipo ya Android na ya iPhone, na ile ya bure ina matangazo ya kuudhi lakini kazi inafanya. Mwenye kompyuta apakue Krita, ni ya bure kabisa. Procreate inasifiwa sana, ila ni ya kulipia na ni ya vifaa vya Apple pekee.
- Stailasi, yaani kalamu ya kuchorea kwenye kioo. Zile za bei nafuu zenye ncha ya mpira haziujui mkandamizo wa mkono, yaani ubonyeze usibonyeze mstari ni ule ule. Si kitu. Kidole pia kinachora.
- Picha za mhusika: mbele, ubavuni na mgongoni. Watu wengi huwa na ya mbele tu, kisha wanakwama wakitaka kumgeuza.
- Gemu yenyewe, au angalau video ya mtu akiicheza. Namna mhusika anavyokimbia na anavyosimama akingoja haionekani kwenye bango.
- Chaji. Stima ikikatika na simu iko asilimia nane, hakuna mwongozo utakaokusaidia.

Hatua ya 1: Tafuta alama za mhusika

Kabla ya kuchora chochote, andika mambo matatu au manne ambayo ukiyaondoa, mhusika hatambuliki tena. Hayo ndiyo hutayagusa. Mengine yote una ruhusa ya kuyachezea.

Mtazame Mario. Shigeru Miyamoto alimbuni kwa ajili ya gemu ya Donkey Kong ya mwaka 1981, na pikseli alizopewa zilikuwa chache mno. Akamvisha kofia ili asihangaike na nywele, akampa masharubu ili pua ionekane, akamvisha ovaroli ili mikono itofautike na mwili inapopunga. Vitu vilivyowekwa kwa sababu ya ufinyu wa nafasi vikawa ndiyo sura yake duniani kote. Mvishe Mario kanzu leo, mwachie kofia nyekundu na masharubu, na mtoto wa darasa la pili atakwambia huyo ni nani.

Kwa Link wa The Wind Waker mimi nimeandika hivi: kofia ndefu ya kijani inayoning'inia mgongoni, macho makubwa kama ya paka na masikio yaliyochongoka, kichwa kikubwa juu ya mwili mdogo, na upanga mkono wa kushoto.

Hilo la mwisho ndilo wengi wanaloliruka. Katika gemu hii Link ni wa mashoto. Katika Breath of the Wild ya mwaka 2017 anatumia mkono wa kulia. Ukichanganya, mashabiki watakuandama kabla ya kuisifu picha. (Bibi zetu nao wangemwandama kwa sababu nyingine, wamwone akinyoosha kushoto kwenye sinia la wali.)

Kuna na alama za ndani, ambazo waliocheza tu ndio wanaozijua. Gemu inapoanza Link hajavaa kijani. Amevaa fulana ya buluu yenye picha ya kambakoche, na nguo za kijani anapewa na bibi yake siku ya kuzaliwa kwake. Ukimchora na fulana ile ya kambakoche, wageni watampita, lakini aliyecheza atasimama. Amua mapema unawachorea akina nani.

Jaribio: msomee rafiki anayecheza gemu orodha yako bila kutaja jina. Akimtaja mhusika, alama zimetosha. Akisita, ongeza moja.

Hatua ya 2: Andika sentensi moja yenye kitendo

"Link yuko Lamu" si wazo, ni anwani. Wazo ni "Link amekwama Matondoni, anasubiri maji yajae." (Matondoni ni kijiji chetu kinachounda vyombo.) Sasa kuna jambo linalotokea, na mwili wake unajua ukaeje: amechutama, amechoka kusubiri, kijiti cha upepo mkononi hakimsaidii kitu kwa sababu upepo anauweza lakini maji hayawezi.

Nyingine za kukuchangamsha:

- Sonic, kiumbe aliyetengenezwa mwaka 1991 kwa ajili ya mbio tu, yuko nyuma ya punda aliyebeba shogi za mchanga katika kichochoro cha mtaa wa Mkomani. Hapana pa kupitia.
- Kratos amekaa barazani na kikombe kile kidogo cha kahawa chungu, kimepotea ndani ya vidole vyake.
- Creeper amesimama mbele ya mlango wa nakshi, na mwenye nyumba hataki kufungua.

Onyo: usijaze kila kitu. Naona picha zina ngome, punda, jahazi, mnara, mlango, minazi na machweo, zote kwenye karatasi moja. Hiyo ni kalenda ya duka la jumla. Chagua mahali pamoja na kitu kimoja cha mahali hapo, basi.

Hatua ya 3: Nenda ukaangalie kwa macho

Hapa ndipo ninapogombana na vijana wangu. Mtu amezaliwa mtaa wa Langoni, anapita gatini kila siku, halafu akitaka kuchora jahazi anatafuta "dhow" kwenye intaneti na kunakili mchoro wa mtu asiyewahi kupanda hata mtumbwi. Shuka pwani na daftari lako.

Chora chombo kimoja na uangalie haya. Mlingoti wa jahazi haukusimama wima; umeinamia mbele, upande wa omo. Tanga halikufungwa kwenye mlingoti, limefungwa kwenye foromali, ule mti mrefu unaopandishwa juu kwa mshazari, na mara nyingi foromali yenyewe ni miti miwili iliyounganishwa na kuzungushiwa kamba. Chini ya tanga hakuna mti wowote: pembe ya nyuma inashikwa na demani, kamba tu. Anayeanza karibu kila mara huchora mlingoti wima, tanga limeshikana nao, na mti chini, na tayari ametupa boti ya wazungu ya starehe. Mtu wa bara huenda asitambue. Mtu wa Matondoni ataona kabla hajaona uso wa Link.

Angalia pia chombo kinavyokaa. Maji yakijaa kinaelea sawa. Yakikupwa, kinalala ubavu, usukani hewani, na tumbo lote unaliona, pamoja na mstari uleule unaogawa mbao za juu zilizokolea kwa sifa, yale mafuta ya samaki, na chini palipopakwa deheni nyeupe, mchanganyiko wa mafuta na chokaa. Kwa sentensi yetu ya Link anayesubiri maji, pembe ya mlalo huo ndiyo picha yenyewe. Ichore mara kadhaa hadi mkono uizoee.

Kisha mwanga. Mji wa Lamu unaelekea kisiwa cha Manda, yaani mashariki. Asubuhi jua linatokea ng'ambo na kuzipiga nyumba za pwani usoni. Jioni linazama nyuma ya mji: gatini pameingia kivuli huku mikoko ya Manda ingali inang'aa. Kwa hiyo ukichora Link amesimama gatini anatazama Manda huku jua likizama mbele yake, umeligeuza jua. Ukitaka jua mbele, ipe picha saa ya asubuhi. Adhuhuri iache, sisi tuko karibu mno na ikweta, jua liko utosini, vivuli vimejificha chini ya miguu na kila kitu kinaonekana bapa. Saa nzuri ni ile ya mapema watu wanapotoka kununua mahamri, na baada ya alasiri.

Ndani ya mji mambo ni mengine. Vichochoro ni vyembamba na kuta ni ndefu, jua linaingia kwa ukanda tu. Upande mmoja unang'aa, upande wa pili umo kivulini lakini si mweusi, kwa kuwa ukuta wa chokaa unaurudishia mwanga. Simama Usita wa Mui, njia kuu ya mji, dakika chache uone uso wa mtu unavyobadilika akivuka ukanda ule wa jua. Ukiliweza hilo, mhusika wako ataonekana yuko hapa kweli, hakubandikwa.

Onyo: watu si mapambo. Usimpige mtu picha bila kumwomba, na akina mama waliovaa buibui waache kabisa. Wazee wa barazani wasalimie kwanza, keti ukikaribishwa, mwambie unachora nini. Wengi watakuruhusu kuchora mkao wao kwa penseli hata wakikataa kamera. Na misikiti tusiigeuze uwanja wa mapigano ya gemu. Hilo halihitaji maelezo kwa mtu wa hapa.

Hatua ya 4: Vijipicha

Gawa ukurasa mmoja viboksi sita, kila kimoja ukubwa wa kiberiti. Katika kila kimoja ichore sentensi yako upya: kutoka juu, kutoka chini, mhusika karibu, mhusika mbali, chombo kushoto, chombo kulia. Hakuna uso, hakuna vidole, maumbo ya giza na mwanga tu. Kila kiboksi dakika mbili.

Usisimame kwenye cha kwanza. Cha kwanza huwa ni kile kile ambacho kila mtu angechora: mhusika katikati, anatutazama, mikono kiunoni. Kwa Link wangu nilichokichagua ni kile alichokaa juu ya ubavu wa chombo kilicholala, yeye mdogo, chombo kikubwa, kofia yake ikining'inia ule upande ambao chombo kimeinamia. Mistari hiyo miwili ikifuatana, jicho linajua pa kwenda.

Hatua ya 5: Tayarisha ukurasa wa simu na uchore mifupa

Piga picha kijipicha chako, kiingize kwenye programu, kifanye hafifu, kisha fungua leya mpya, yaani tabaka jipya la kuchorea, juu yake.

Ukubwa: kama unafikiria kuchapisha siku moja, fungua pikseli 2480 kwa 3508. Hiyo ni A4 kwa dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi. Simu ikilia, shuka nusu yake, 1240 kwa 1754. Kwa kuonyesha mtandaoni inatosha, lakini kwa kuchapisha A4 haitakuwa kali. Huwezi kuanza ndogo ukaikuza mwishoni bila ukungu, kwa hiyo amua sasa.

Chora mifupa kwanza: mviringo wa kichwa, mstari wa uti wa mgongo, mabega, nyonga, mikono kama vijiti. Link wa gemu hii ana kichwa kikubwa na miguu mifupi. Ukimpa mwili wa kijana wa kawaida, umemchora Link mwingine.

Leya zangu ni chache na nazipa majina: mifupa, mistari, rangi ya mhusika, kivuli cha mhusika, chombo, nyuma. Ukiziacha na majina ya tarakimu, saa mbili baadaye utapaka rangi ya anga juu ya pua.

Hatua ya 6: Changanya yake na yako

Hii ndiyo hatua tamu. Rudi kwenye orodha ya alama. Alama zibaki, nyenzo ibadilike.

Nikimvua Link kofia ya kijani nikamvika kofia ya viua, nimempoteza. Atakuwa mtoto yeyote anayekwenda madrasa. Lakini nikiiacha kofia ndefu, kijani ile ile, halafu pindo lake nikalitoboa kwa mishono ya viua, vile vitundu vidogo vinavyopangwa kwa safu, kofia imekuwa yake na ya Lamu kwa pamoja. Usivichore vyote. Chora vichache karibu na paji la uso, vinavyozunguka nyuma viwe nukta tu.

Chombo vivyo hivyo. Katika gemu anapanda mashua nyekundu inayosema, yenye kichwa cha simba-joka mbele. Nimebakiza wekundu na kichwa, nikakipachika kwenye omo ya mashua yetu, nikaweka foromali na tanga la pembe tatu. Vyombo vya zamani vya huku, mitepe, vilichorwa macho omoni, kwa hiyo chombo kinachotazama si kitu kigeni kwetu.

Upanga unaweza kufungwa kwa kikoi badala ya mkanda wa ngozi. Dadake Link unaweza kumvika leso, na ukifanya hivyo heshimu leso ilivyo: ina pindo kuzunguka, mji katikati, na jina chini ya mji. Maandishi hayo usiyaache matupu. Tunga jina linaloingiana na hadithi. Hapo ndipo Mswahili atacheka kabla ya mtu mwingine yeyote.

Onyo: si kila kitu lazima kigeuzwe. Vitu viwili au vitatu vinatosha. Ukigeuza vyote, umechora mvulana wa Lamu mwenye masikio marefu.

Hatua ya 7: Mistari safi

Kwenye leya mpya, pitisha mistari ya mwisho. Chora kwa mkono mzima kutoka begani, si kwa vidole tu, na uvute mstari mara moja. Vijistari vingi vifupi vinaleta manyoya. Programu nyingi zina kipimo cha kutuliza mkono: kipandishe hadi mtetemo ukome, lakini si hadi mstari uanze kukufuata kwa kuchelewa.

Mistari ya mhusika iwe minene kidogo, ya vitu vya mbali myembamba. Kwa hilo pekee mhusika ataruka mbele.

Hatua ya 8: Rangi na vivuli

The Wind Waker ilisifika kwa kupaka rangi kama katuni: rangi moja bapa, na kivuli kimoja chenye ukingo mkali. Habari njema kwa mwenye simu, maana mtindo huo hautaki brashi za kifahari.

Paka kwanza rangi bapa kila mahali, bila kivuli. Kisha fungua leya juu ya mhusika, ifunge ili rangi isivuke umbo lake, iweke kwenye modi ya Multiply, ile inayotia giza rangi iliyo chini yake, na paka vivuli vyote kwa rangi moja. Isiwe nyeusi wala kijivu. Kivuli cha nje kwetu hupokea buluu ya anga, kwa hiyo tumia zambarau au buluu iliyofifia.

Ukuta wa chokaa si mweupe. Kwenye jua la asubuhi una umanjano, kivulini una ubuluu, na chini karibu na ardhi una madoa ya unyevu. Tanga nalo si jeupe: lina rangi ya chai ya maziwa iliyozidi maji, na kiraka kimoja au viwili vipya vinavyong'aa kuliko kitambaa chenyewe. Nyeupe halisi ihifadhi kwa mahali pamoja tu. Mimi nimeiweka kwenye macho ya Link.

Hatua ya 9: Kagua kabla ya kusema umemaliza

Mambo matatu, na usiyaruke.

Kwanza, mjaze mhusika weusi mtupu kwenye leya ya muda. Je, umbo peke yake linamtaja? Kama kofia imemezwa na mgongo, isogeze itokeze.

Pili, geuza picha kama kwenye kioo. Jicho lililopanda na bega lililokatika vitajitokeza papo hapo. Rekebisha, kisha igeuze irudi. Narudia: igeuze irudi, la sivyo Link wako atashika upanga kulia na foromali itakuwa imehama upande.

Tatu, iache hadi kesho. Saa sita za usiku kila picha ni nzuri.

Hifadhi faili lenye leya zake zote, halafu toa nakala ya PNG kwa kuonyesha. Anayehifadhi PNG pekee hujuta siku ya kwanza anapoombwa abadilishe rangi ya kofia.

Mambo yakienda mrama

*Watu hawamtambui mhusika.* Umegusa alama. Rudi hatua ya 1, rudisha moja moja hadi wamtambue, uishie hapo.

*Picha imekaa kama maiti.* Sentensi yako haina kitendo, au uti wa mgongo uko wima kama mlingoti. Pinda uti, shusha bega moja, uzito uhamie mguu mmoja. Kama ulinakili bango, ujue mabango mengi yamesimamishwa kwa ajili ya kuuza.

*Mhusika anaelea, kama amebandikwa.* Hana kivuli chini ya miguu, au mwanga wake unatoka upande tofauti na wa ukuta. Weka kivuli panapogusana nyayo na ardhi, kisha mpake kidogo rangi inayorudishwa na kitu kilicho karibu naye. Aliyeketi juu ya chombo chekundu lazima awe na wekundu kidogo chini ya magoti.

*Simu inakwama au programu inajifunga.* Leya ni nyingi au ukurasa ni mkubwa. Unganisha leya ulizomaliza, funga programu nyingine, na usichore juani. Simu ikipata moto hupunguza kasi yenyewe.

*Rangi zimetoka zimefifia nilipochapisha.* Kioo cha simu hutoa mwanga, karatasi haitoi. Buluu ya bahari na kijani kali ndizo zinazoanguka zaidi. Ongeza mwangaza kidogo, na uombe nakala ndogo moja ya majaribio kabla ya kulipia nyingi.

*Wananiambia nimetumia akili mnemba.* Tunza vijipicha na ukurasa wa penseli. ibisPaint pia hurekodi video ya mchoro ulivyokua. Itoe uiweke pamoja na picha. Mabishano huisha mapema.

*Naweza kuuza?* Mhusika ni mali ya kampuni iliyomtengeneza, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda kazi za sanaa kama sheria za nchi nyingine zinavyozilinda. Kuonyesha picha ya bure, ukataja jina la gemu na kusema wazi kuwa ni kazi ya shabiki, kwa kawaida hakuleti taabu. Kuchapisha fulana mia za Link na kuwauzia watalii gatini ni jambo jingine, na Nintendo inajulikana kwa kulinda mali yake bila masihara. Kampuni nyingine zimeandika kanuni za mashabiki kwenye tovuti zao. Zisome kabla, na nembo ya gemu usiibandike kwenye kazi yako hata siku moja. Ukitaka pesa bila hofu, chukua ile mashua iliyolala ubavu, tope, tanga lenye viraka na mwanga wa asubuhi ulivyojifunza kuvichora, mtoe Link, uweke mtoto uliyembuni mwenyewe. Hiyo uza kwa bei unayotaka.